Sampo kabla ya oda: namna ya kuipima mpaka ikuambie ukweli, kwa sisi tunaoleta mzigo Dodoma

Wengi wetu tunachukua mzigo Kariakoo au kuagiza China na tunafanya mambo yale yale, sampo ikifika unaishika shika, unaipiga picha, unaiweka status "mzigo unakuja wapendwa", jioni unatuma advansi. Saplaya naye siyo mtoto, kwenye sampo anakutolea kipande bora kuliko vyote stoo kwake, hata mimi ningefanya hivyo. Kwa hiyo sampo kuwa nzuri ni kitu cha kawaida kabisa, wala kisikupe raha. Kazi ya sampo ni kukupa kipimo, yaani mzigo ukishuka uwe na kitu mkononi cha kuulinganisha nao na cha kumbana nacho saplaya. Nitakavyoeleza huku chini vyote vinaelekea hapo.

Nitatumia mfano mmoja ili tusipotezane: umepata kazi ya tisheti za kola 500 zenye logo za ofisi moja kule Mtumba, rangi ya bluu iliyokolea. Vitu vingine kama taa, mafuta na nafaka nitavigusa nikifika kwenye kupima, maana kila kitu kina majaribio yake.

Kwanza andika unachotaka, kabla hujampigia mtu

Nusu karatasi inatosha. Nani atavaa, atavaa wapi, atafua na nini, unataka kuuza bei gani, na kitu gani kikikosekana hutachukua hata ukipewa bure. Kwa tisheti zetu: kitambaa chenye pamba kwa wingi, uzito GSM 180 kwenda juu (GSM ni gramu kwa mita moja ya mraba ya kitambaa), rangi isichuje, saizi zipimwe kwa sentimita na siyo kwa herufi (XL ya China ukimvalisha baba mtu mzima wa huku inakaa kama M, kila mtu anayeagiza analijua hili na bado watu wanaandika "XL 200"). Usipoandika, ukiona sampo tu macho yanakuchagulia, unajikuta umependa kitu ambacho wala hukukihitaji.

Kuomba sampo: wapi, kwa nani, ngapi

Omba kwa watu watatu, wote uwatumie maelezo yale yale neno kwa neno, la sivyo utashindwa kulinganisha. Lipia. Najua wabongo tunapenda cha bure lakini sampo ya bure mara nyingi ni chochote kilichobaki kwenye kona, na ukilipia una haki ya kuchagua na una risiti. Kama ni kiwanda cha nje mwambie gharama ya sampo ikatwe kwenye oda ukiweka, wengi wanakubali, wasipokubali siyo vita.

Kila mmoja muombe vipande vitatu vya aina moja, saizi tofauti. Kimoja utakiua kwa majaribio, kimoja utakifunga kama ushahidi, na cha tatu ni cha kumuonesha mteja wako. Mtu akikwambia ana kimoja tu muulize mzigo wenyewe uko wapi.

Na hapa ndo pa kuangalia mawinga. Winga hana stoo, anachukua sampo duka la mtu mwingine anakuletea, ukiweka oda anakwenda kuutafuta mzigo popote utakapopatikana kwa bei ya chini. Sisemi usifanye kazi na winga, wako wanaojua machimbo ya mzigo kuliko wenye maduka, ila muulize wazi wazi sampo hii imetoka duka gani na mzigo utatoka duka hilo hilo? Aandike kwenye WhatsApp, maneno ya simu hayana kumbukumbu.

Kitu kingine kizuri sana kama saplaya yuko Dar: mtume shangazi au mdogo wako aliyeko kule aingie dukani kama mteja wa kawaida, anunue kipande kimoja cha bidhaa hiyo hiyo bila kutaja jina lako. Hicho ndo kipande ambacho hakuna aliyekuchagulia. Kikija kwa basi au kwa SGR ukakiweka pembeni ya sampo rasmi na vikafanana, huyo saplaya ameshapata alama kubwa kwangu. Visipofanana umeokoa hela kwa nauli ya kifurushi tu.

Swali ambalo watu wanalisahau: sampo hii imetoka kwenye mzigo uliopo sasa hivi au ni ya mzigo uliopita? Kwenye vitambaa hasa, roli mpya inaweza kuwa na rangi tofauti kabisa na ile ya mwezi jana japo namba ya rangi ni moja.

Ikifika

Kabla hujafungua piga picha paketi ilivyokuja, pande zote. Ukishafungua, kila kipande kibandike karatasi ya namba: 1, 2, 3, na kwenye daftari lako ndo uandike namba ipi ni ya nani na bei yake. Kuanzia hapo usitaje jina wala bei mbele ya mtu atakayekusaidia kupima. Mpelekee fundi cherehani wako vipande vitatu, kimoja cha kila saplaya, vyenye namba tu na umwambie avipange kuanzia bora mpaka duni. Ukimtajia bei kwanza atakwambia cha bei kubwa ndo kizuri, hata wewe mwenyewe macho yako yatadanganyika hivyo hivyo.

Kupima nguo na vitambaa

Hapa nakaa kidogo maana ndo pana hela nyingi za watu wa Dodoma, sare, mashuka, tisheti za semina.

Uzito kwanza. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, pima kwenye mizani ndogo ya gramu (zile za kupimia vito, siyo bei), zidisha mara 100, umepata GSM. Kipande kikiwa gramu 1.6 basi kitambaa ni GSM 160, aliyekwambia 180 ameshaanza kukupunja kabla hamjafahamiana. Huna mizani? Pima tisheti nzima kwenye mizani ya dukani na ulinganishe na nyingine za saizi hiyo hiyo, haikupi GSM lakini inakuonesha nani mwepesi.

Kuungua. Vuta nyuzi chache pembeni, ziwashe mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inaacha jivu laini linalosagika ukiligusa. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na inaacha kidonge kigumu. Ukipata vyote viwili ni mchanganyiko. Asilimia hutaipata kwa kiberiti, ila mtu aliyeandika "pamba asilimia 100" na nyuzi zake zinaacha kidonge, mjadala umeisha.

Kusinyaa. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika (tisheti ndogo chora 30 kwa 30), fua mara tatu, kila mara kausha, kisha pima. Kutoka 50 kwenda 48 ni asilimia 4. Kwa tisheti za kola mimi naishia asilimia 5, zaidi ya hapo mteja atarudi na tisheti imepanda kitovuni. Fua kwa namna itakavyofuliwa nyumbani kwa mteja: maji ya visima vya huku yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, mtu anaongeza sabuni ya unga na kusugua kwa nguvu, halafu anaanika kwenye jua la Dodoma ambalo halina utani. Kiwanda kikikwambia walishapima, walipima kwa mashine na maji laini. Wewe chota maji ya kisimani.

Kuchuja. Loweka kitambaa na kipande cha shuka jeupe kwenye beseni moja usiku kucha. Halafu chukua kitambaa cheupe kikavu usugue juu ya rangi kwa nguvu mara kumi hivi, rudia na kilicholowa. Bluu iliyokolea, nyeusi na nyekundu ndo wasumbufu wakubwa. Kwa jua, kata kipande, nusu yake ifunike na karatasi ya sigara ya aluminiamu, kianike juu ya bati wiki nzima, kisha funua ulinganishe nusu mbili. Nikiambiwa nichague jaribio moja tu kwa bidhaa ya kuuzwa Dodoma nachagua hili.

Mshono ugeuze ndani nje. Hesabu hatua za sindano kwenye inchi moja, kati ya 8 na 12 ni sawa kwa tisheti nyingi, zikiwa 5 au 6 mshono utaachia. Vuta mabegani na kwapani kwa mikono miwili. Kola ikunje iachie, ikibaki imelala kama sikio la mbwa usitarajie miujiza baada ya kufua. Vifungo vivute. Logo kama ni ya kuchapa ikwangue kwa kucha baada ya kufua, kama ni ya kudarizi angalia nyuma kama nyuzi hazining'inii.

Na pima saizi kwa futi ya fundi: kifua kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka begani, mkono. Andika. Hizo namba zitaingia kwenye oda.

Vitu vya umeme

Angalia plagi na volti kwanza, Tanzania ni volti 230 na hezi 50, plagi ya miguu mitatu bapa. Sampo ya China ikija na plagi ya miguu miwili bapa, uliza oda itakuja na ipi, maana adapta 500 nani atazilipia.

Taa za LED: iwashe kuanzia jioni mpaka asubuhi, iangalie kupitia kamera ya simu, ukiona mistari inakimbia ujue inapepesa hata kama macho hayaoni. Waya wa umeme ukwangue kwa kisu, ndani ukiona weupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na usidanganywe na jaribio la sumaku hapa, sumaku haishiki shaba wala aluminiamu, inagundua chuma tu. Ndivyo ilivyo hata kwa sufuria na masinia ya stenlesi, watu wanatembea na sumaku wakidhani isiposhika ni oginali, kumbe stenlesi ya 201 ambayo ni ya bei rahisi nayo haishiki, sawa na ile nzuri ya 304.

Pawabenki ndo uwanja wa uongo. Ile 20,000 mAh imeandikwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, ikitoka kwenye tundu la USB kwa volti 5 na ukiondoa upotevu unategemea kama 12,000 mpaka 13,000 hivi, hiyo ni halali. Nunua kile kipimo kidogo cha USB, ijaze, ishushe mpaka ikate, soma. Ikisoma 5,000 hiyo siyo pawabenki ya 20,000, ni kasha zito tu. Ukiweza mpe fundi simu afungue moja, wengine wanajaza mchanga au vyuma ndani ili iwe nzito.

Nafaka, karanga na mafuta

Kwa wanaochukua Kibaigwa, Kondoa, Singida na kadhalika. Sampo ya gunia usiipokee kwenye kiganja cha muuzaji. Tumia bambo mwenyewe (kile chuma cha kuchomea gunia), choma juu, katikati na chini, magunia tofauti, yakiwemo ya katikati ya rundo ambayo ni kazi kuyafikia (na ndiyo maana yako katikati). Changanya yote kwenye turubai, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena, mpaka upate kilo moja. Hiyo kilo ndo sampo. Ichambue: mbovu, zilizovunjika, mchanga, wadudu, kila kundi lipime.

Unyevu: tia chumvi kavu kabisa kwenye chupa kavu, tia mahindi, tikisa dakika chache uache itulie. Chumvi iking'ang'ania kuta za chupa mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa stoo, kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Ukiwa na mashine ya unyevu tumia mashine.

Sumukuvu haionekani. Mkoa wetu wa Dodoma pamoja na Manyara mwaka 2016 walikufa watu kwa sumukuvu, kwa hiyo kwa mahindi, karanga na hasa vyakula vya lishe ya watoto usijifanye una macho ya maabara. Kiwango cha juu ni mikrogramu 10 kwa kilo moja. Peleka TBS (Shirika la Viwango) au maabara nyingine inayotambulika, na unachopeleka kiwe kile ulichochanganya kwa mafungu. Mahindi machache yenye ukungu kwenye gunia moja yanaweza kuharibu mzigo wote, huku sampo ya kiganjani ikitoka safi.

Mafuta ya alizeti yapime kwa kilo. Lita moja ni kama gramu 920, kwa hiyo dumu la lita 20, ukitoa uzito wa dumu tupu, linatakiwa liwe kilo 18.4 hivi. Halafu tia kidogo kwenye chupa uweke kwenye friji kwa usiku mmoja, ya alizeti yanabaki maji maji, yakiwa hayajachujwa vizuri yataleta ukungu kidogo, ila yakiganda au kuweka tabaka zito ujue mawese yameingia.

Vipodozi na mifuko nasema kwa kifupi. Krimu yenye zebaki au hydroquinone imekatazwa, hata iwe na sampo nzuri kiasi gani usiguse. Mifuko mbadala ile ya kitambaa lazima iwe GSM 70 kwenda juu, na unaipima kwa kipande kile kile cha sentimita 10 kwa 10, ikisoma gramu 0.4 huo ni mzigo wa kukamatwa nao. Na kumbuka sampo moja kupita kwenye kifurushi cha ndege haina maana kontena litapita, bidhaa nyingi za nje zinatakiwa kukaguliwa kwa viwango vya TBS kule kule zinakotoka, muulize wakala wako wa kago mapema cheti anakitoa nani na analipa nani.

Kuamua

Rudi kwenye nusu karatasi yako. Kilichoanguka kwenye yale ya "hata bure sitaki" kinatoka, usikipe nafasi kwa sababu bei imekuvutia. Waliobaki walinganishe kwa bei ya mpaka Dodoma: bei ya kipande, usafiri, kodi, upakizi na upakuaji, na vipande unavyotegemea vitakuwa vibovu. Tisheti ya 9,000 ambayo mbili kati ya kumi hazivaliki ni ghali kuliko ya 10,500 iliyonyooka, piga hesabu mwenyewe uone, inafika 11,250 kwa kila moja inayouzika.

Ukitaka marekebisho, kola iwe ngumu zaidi au rangi ibadilike, usikubali neno "sawa boss tutarekebisha". Omba sampo ya pili yenye marekebisho. Ndiyo inachelewesha, ndiyo maana oda ya Januari huanzi kuitafutia sampo Desemba.

Kufunga sampo na kuandika oda

Sampo uliyoikubali ziwe mbili zinazofanana. Kila moja weka kwenye mfuko, funga kwa gundi, wewe na saplaya msaini juu ya gundi na tarehe, kama yuko mbali piga picha na video akiwa anaifunga ya kwake. Moja anabaki nayo, moja unabaki nayo, mahali pakavu pasipo na mwanga maana rangi hupauka hata ndani ya nyumba ukiiacha dirishani.

Kwenye oda au proforma andika: "mzigo ufanane na sampo iliyosainiwa tarehe fulani", weka GSM, saizi kwa sentimita, kiwango cha kusinyaa, na nini kitatokea visipofanana, kubadilisha au kurudisha hela, ndani ya siku ngapi. Hii siyo mbwembwe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuuza kwa sampo: mzigo lazima ulingane na sampo kwa ubora na mnunuzi apewe nafasi ya kulinganisha. Usipokuwa na sampo iliyofungwa utabaki na maneno yako dhidi ya maneno yake. Dai risiti ya EFD kwa wa ndani, na usilipe zote mbele, baki na balansi yenye uzito, asilimia 30 ikienda mbele na 70 baada ya ukaguzi wengi wanakubali ukibembeleza kistaarabu.

Kama saplaya ni mpya na kazi inaruhusu, anza na 50 kabla ya 500.

Mzigo ukiwa tayari

Ukague Dar kabla haujapakiwa, kama huwezi kushuka mpe mtu unayemwamini sampo iliyofungwa aende nayo. Ukishafika Dodoma gharama ya kuurudisha inakula nguvu yako ya kudai, saplaya anajua hilo.

Ngapi za kukagua? Wakaguzi wa viwandani wanatumia jedwali la ISO 2859-1, na kwa kiwango chao cha kawaida cha kasoro kubwa, AQL 2.5 (AQL ni kiwango cha kasoro kinachovumilika), mzigo wa 500 unachomoa 50: zenye kasoro kubwa zikiwa 3 au pungufu unapokea, zikifika 4 unakataa. Mzigo wa 1,000 unachomoa 80, mwisho wa kupokea ni 5. Kuchomoa unachagua wewe, katoni za chini na za nyuma zikiwemo, siyo ile moja ambayo kijana wa stoo ameshakufungulia. Kasoro kubwa ni ile mteja akiiona atarudisha: shimo, saizi imepotea, rangi nyingine, logo imepinda. Uzi unaoning'inia ni kasoro ndogo, hesabu pembeni.

Kati ya hizo 50 chukua mbili ukakate sentimita 10 kwa 10 upime uzito, na moja ukaifue. Zikija 165 badala ya 180, usianze kugombana, tuma picha ya mizani, picha ya sampo iliyofungwa na mstari wa oda unaosema 180, kisha muulize anataka kubadilisha au kushusha bei. Mara nyingi atakuja na punguzo. Lipokee tu kama na mteja wako wa Mtumba ameshaiona hiyo ya 165 na akakubali kwa maandishi, vinginevyo tatizo utakuwa umelihamisha kutoka Kariakoo kuja kwenye duka lako.